Farasi hupumzishwa, mpandaji je?

Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona ukurasa wa afya unazungumza juu ya polo, yaani mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ndefu huku umepanda farasi. Wengi wetu hatujawahi kuuona kwa macho. Huku Afrika Mashariki umechezwa zaidi Kenya, ambako klabu ya polo ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1907. Sehemu nyingi za Tanzania farasi hata hawakai, maana mbung'o huwaua kwa nagana, na upo pia ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi.

Hata hivyo tumeuchagua kwa makusudi. Wachezaji wa zamani wa polo wameandikwa sana, na wengine wameandika wenyewe habari za maisha yao. Kwa hiyo tunaweza kufuata bega la mtu mmoja tangu ujana hadi uzee, jambo ambalo ni gumu kwa mkulima wa jembe au mchukuzi wa magunia, ambaye hakuna aliyemwandika. Maumivu ni yale yale.

Tueleze kwanza mchezo wenyewe kwa kifupi. Kila upande una wachezaji wanne. Uwanja ni mkubwa mno, urefu wake wapata mita 275, kwa hiyo viwanja kadhaa vya kandanda vingeweza kuingia ndani yake. Mkono wa kushoto unashika hatamu, mkono wa kulia unashika fimbo, na kanuni hairuhusu kupiga kwa mkono wa kushoto, ili wachezaji wanaokuja mbio wakielekeana wasigongane. Mchezo umegawanywa katika vipindi vya dakika 7 na kitu. Kipindi kikiisha, mchezaji anashuka, anapanda farasi mwingine, na yule wa kwanza anatembezwa polepole, anamwagiwa maji, anapumua. Akitumika tena siku hiyo ni baada ya kupumzika.

Hapo ndipo tunapotaka msomaji asimame kidogo. Farasi anapumzishwa baada ya dakika 7. Mtu aliye juu yake anaendelea na mchezo wote, vipindi vinne, sita au zaidi, kwa bega lile lile na kifundo cha mkono kile kile. Mnyama amewekewa kanuni ya kupumzika, mwenye mnyama hakuwekewa. Na wazee hawa wanapokumbuka siku zao, mara nyingi husimulia farasi kwanza, kwa majina, rangi na tabia, na habari za mifupa yao huja baadaye sana kama jambo dogo.

Sisi wauguzi tunaifahamu tabia hiyo. Mzee akija kliniki tunamwamkia, "Shikamoo mzee, bega linakusumbua?" Anaitikia, "Marahaba mwanangu, haliniumi sana." Ukiandika hivyo kwenye kadi umepotea. Lakini ukimuuliza alikuwa akifanya kazi gani, atakusimulia ng'ombe wake wa kulimia au ngalawa yake nusu saa nzima, na katikati ya hadithi utasikia kwamba tangu mwaka fulani hawezi kuinua mkono kuvaa shati.

Bega la Churchill

Winston Churchill, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa kijana wa miaka 21 na ofisa wa jeshi alipofika Bombay, India, mwaka 1896. Mashua yao ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mawimbi kando ya gati. Alishika pete ya chuma iliyokuwa ukutani, na papo hapo mashua ikasogea mbali. Bega la kulia likateguka. Ilikuwa ajali ya dakika moja, wala hakuwa uwanjani wala juu ya farasi.

Bega hilo halikupona sawasawa maisha yake yote. Alicheza polo kwa miaka mingi mkono wake ukiwa umefungwa kwa mkanda usije ukainuka kupita kiasi. Mwaka 1898, katika vita vya Omdurman huko Sudan, alitumia bastola badala ya upanga kwa sababu ya bega. Mwaka 1899 alicheza katika timu ya kikosi chake iliyotwaa kombe la vikosi huko Meerut, bega likiwa limeteguka tena siku chache kabla. Mchezo wake wa mwisho aliucheza kisiwani Malta mwezi Januari 1927, akiwa na miaka 52. Katika kitabu cha kumbukumbu za ujana wake, kilichotoka mwaka 1930, alieleza wazi jinsi bega lilivyomsumbua. Tunampa heshima kwa hilo, maana wanaume wengi hawaandiki habari za mabega yao.

Yafaa tujue kwa nini bega likiteguka mara moja huteguka tena. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na tundu kinamokaa ni la kina kifupi sana, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Linaloshikilia chungwa lisidondoke ni mishipa na misuli inayolizunguka. Mfupa ukichomoka, mishipa hiyo inachanika au inalegea. Kijana yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuteguka tena kuliko mtu mzima. Mtu wa makamo na mzee, yeye hatari yake ni misuli ya bega kukatika kabisa, asiweze kuinua mkono hata baada ya mfupa kurudi mahali pake.

Kwa hiyo mtu akiteguka bega, msimvute mkono. Tumepokea wagonjwa waliovutwa na watu watatu, mmoja akiwa amekanyaga kwapa, wakafika hospitali na mfupa uliovunjika juu ya ule uliochomoka, na vidole vimekufa ganzi. Mfungeni mkono kwa khanga shingoni katika hali ile ile anayoona ina nafuu, mleteni siku hiyo hiyo. Asile chakula njiani, kwa sababu huenda akahitaji dawa ya usingizi. Bega likirudishwa hufungwa kwa muda, kisha yanafuata mazoezi, na hapa ndipo watu wengi wanapotukimbia. Wakiona maumivu yamekwisha wanadhani kazi imekwisha.

Mfupa uliokataa kuunga

Tarehe 28 Juni 1990, Charles, ambaye wakati huo alikuwa mrithi wa ufalme na sasa ni Mfalme wa Uingereza, alianguka katika mchezo wa polo huko Cirencester na kuvunjika mkono wa kulia. Alikuwa na miaka 41. Alitibiwa na madaktari bora ambao nchi yake ingeweza kumpa. Pamoja na hayo mfupa mmoja haukuunga vizuri, na mwezi Septemba mwaka ule ule ilibidi afanyiwe upasuaji tena huko Nottingham, ambapo kipande cha mfupa wa nyonga kilichukuliwa na kupandikizwa mkononi.

Tunasimulia hili kwa ajili ya familia ambazo mfupa wa mtoto wao au baba yao umechelewa kuunga, nao wakaanza kutafuta aliyemroga. Mfupa wa mwana wa malkia ulikataa kuunga. Zipo sababu nyingi: vipande vimekaa mbalimbali, au damu haifiki vizuri, kidonda kimeingia usaha, mgonjwa anavuta sigara, au plasta ilitolewa nyumbani kwa panga kabla ya wakati. (Hilo la panga si mzaha.) Chakula nacho kina sehemu yake. Mtu aliyevunjika mfupa apewe maharage, dagaa, mayai na maziwa kadiri nyumba inavyoweza, na si uji mtupu kwa sababu eti ni mgonjwa.

Charles alirudi kupanda farasi. Mwezi Agosti 2001 alianguka tena akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali. Aliacha polo mwaka 2005 akiwa na miaka 57, baada ya kuicheza zaidi ya miaka 40.

Kupoteza fahamu ni jambo tusilopenda lichukuliwe kimzaha. Mtu aliyepigwa kichwa akazimia, hata kama ni kwa dakika moja tu, asirudi mchezoni siku hiyo, wala asirudi kwenye bodaboda yake. Ubongo umetikisika ndani ya fuvu, na kipigo cha pili kabla haujatulia kinaweza kuua. Akitapika mara kwa mara, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisema maneno yasiyoeleweka, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, maji au damu ikitoka sikioni, akipata degedege au akiwa haamshiki kwa urahisi, aletwe usiku huo huo, msisubiri kupambazuke.

Kwa wazee kuna jambo la kuangalia zaidi. Mzee anaweza kujikwaa, akagonga kichwa ukutani, akainuka na kusema hana neno. Wiki tatu zinapita. Kisha anaanza kusahau majina ya wajukuu, anavuta mguu mmoja, analala mchana kutwa. Nyumbani husema ni uzee, au wanasema mengine. Yawezekana kabisa ni damu iliyokuwa ikivuja polepole chini ya fuvu tangu siku ile, hasa kama anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Hali hii hutibika kwa upasuaji. Ndiyo maana mkija, tunauliza kama mzee alianguka mwezi uliopita, na mnaona tunauliza mambo yasiyohusu.

Wengine hawakuinuka. Man Singh wa Pili, Maharaja wa Jaipur, ambaye timu yake ilishinda mashindano makubwa ya Uingereza mwaka 1933, alifia katika uwanja wa polo huko Cirencester mwezi Juni 1970, akiwa na miaka 57. Carlos Gracida wa Mexico, mmoja wa wachezaji bora wa wakati wake, alifariki Florida mwezi Februari 2014 akiwa na miaka 53: farasi wake aligongwa kichwani na fimbo kwa bahati mbaya, akarusha kichwa juu, wakaanguka. Hao hawakupata nafasi ya kukaa kibarazani wakikumbuka.

Waliojua kubadilisha

Sasa tuwatazame walioacha wakati ungalipo. Juan Carlos Harriott wa Argentina anahesabiwa na wengi kuwa mchezaji bora wa karne ya 20. Alishinda mashindano ya taifa ya nchi yake, yale yanayochezwa Palermo, Buenos Aires, mara 20. Aliacha mwaka 1980 akiwa bado katika daraja la 10, ambalo ndilo la juu kabisa, akaendelea na maisha ya shamba. Hakungoja ashushwe.

Lakini anayetufundisha zaidi, kwa maoni yetu, ni Philip, mume wa Malkia Elizabeth. Polo alijifunza Malta alipokuwa ofisa wa jeshi la majini, akaicheza kwa bidii. Mwaka 1971, akiwa na miaka 50, aliiacha kwa sababu kifundo cha mkono kilikuwa na ugonjwa wa viungo ambao huku watu huuita baridi yabisi. Ukweli ni kwamba mara nyingi si baridi. Ni gegedu, ile nyama laini nyeupe iliyo kwenye ncha za mifupa, inayolika kwa miaka ya kazi ile ile, hata mifupa ikasagana. Dawa za maumivu husaidia, ila hazirudishi gegedu, na zikimezwa kila siku bila ushauri hutoboa tumbo na kuharibu figo.

Philip angeweza kukaa kwenye kiti na kulaumu mkono. Badala yake aliingia katika mchezo wa kuendesha kigari kinachokokotwa na farasi. Humo hakuna kupiga fimbo, mtu anakaa na kushika hatamu. Farasi alibaki nao, ila kazi ya mkono ilibadilika. Aliendelea kuendesha hata alipopita miaka 90. Alifariki tarehe 9 Aprili 2021, akiwa amebakiza miezi miwili kutimiza miaka 100. Siku ya mazishi yake kigari alichokibuni mwenyewe kilisimama uani kwenye kasri la Windsor, kimefungwa farasi wake wawili, Balmoral Nevis na Notlaw Storm, na juu ya kiti waliweka kofia yake, glavu zake na kopo la vipande vya sukari alivyozoea kuwapa.

Hapa hatusemi kwamba kila mzee wa parokia anunuliwe kigari. Tunasema kwamba mtu aliyelima miaka 40, siku akiambiwa na watoto wake, "Baba pumzika sasa, usiguse jembe", wanadhani wamemfanyia wema. Baada ya miezi sita analetwa hana hamu ya kula, halali, hasemi. Vipimo vyote ni safi. Amenyang'anywa farasi wake. Mpeni kitalu cha miche akikimwagilia kwa kopo amekaa kigodani. Mpeni kuku, au awe anahesabu mbuzi jioni. Mama aliyezoea kutwanga apewe kuchambua mchele na kusimamia wanaotwanga. Viungo vinavyolika vinahitaji kutembezwa kila siku, si kulazwa.

Kuhusu farasi wenyewe

Wachezaji wa polo wanavyowapenda farasi wao wakati mwingine hutuacha tukishangaa. Adolfo Cambiaso wa Argentina alikuwa na farasi dume aliyeitwa Aiken Cura, ambaye alivunjika mguu mwaka 2006 na hatimaye ikabidi auawe. Kabla ya hapo mwenyewe aliomba zihifadhiwe chembechembe za mwili wake. Miaka ilipopita wataalamu walizalisha farasi wanaofanana kabisa na wale wake wa zamani, na mwaka 2016 alishinda Palermo akitumia nakala sita za jike mmoja, Cuartetera. Kama ni vizuri au vibaya tunawaachia wengine. Sisi tunaona tu mtu asiyetaka kuachana na mnyama wake.

Mapenzi hayazuii makosa, hata hivyo. Mwezi Aprili 2009 farasi 21 wa timu moja ya Venezuela walikufa Florida ndani ya muda mfupi sana. Walikuwa wamepewa dawa ya kuongeza nguvu iliyochanganywa na madini ya seleni kupita kiasi. Madini hayo mwili unayahitaji, lakini kidogo mno. Mkiona tunampima mtoto uzito kabla ya kutoa dawa wakati foleni ni ndefu, mtuvumilie.

Na huko Manipur, India, ambako Waingereza waliokuwa wakilima chai eneo la jirani waliuona mchezo huu na kuanzisha klabu yao huko Silchar mwaka 1859, mambo ni ya huzuni zaidi. Polo ya Manipur ya asili ina wachezaji saba kila upande na haina nguzo za goli. Farasi wao ni wadogo na wavumilivu, na wachezaji wake si watu wakubwa tu, hata watu wa kawaida hucheza. Lakini mbuga za malisho zimejengwa nyumba. Hesabu ya mifugo ya mwaka 2003 ilikuta farasi hao 1,898. Ile ya mwaka 2012 ikakuta 1,101. Wengine huonekana katika mitaa ya Imphal wakila takataka pamoja na mifuko ya plastiki, inayowaziba matumbo mpaka wanakufa. Wazee waliocheza huko wanakumbuka wanyama ambao wajukuu wao huenda wasiwaone. Mifuko hiyo tumeizoea, ilikuwa ikiua mbuzi na ng'ombe wetu pia kabla ya Kenya kuipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na bado ile ya zamani imo ardhini.

La mwisho ni kwa wenye punda, maana hao ndio farasi wetu. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika kinyesi cha farasi na punda, kwa hiyo aliyekata jina hilo pengine alikuwa ameona jambo. Mtu akikanyagwa, akiumwa au akichomwa na msumari zizini, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kisha aje zahanati siku hiyo hiyo hata kama ni kidogo. Msipake samadi wala majivu, si kwenye kidonda wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Anayeshughulika na wanyama na ambaye hakumbuki lini alichanjwa mara ya mwisho, aje na kadi yake kama ipo. Kama haipo, aje hivyo hivyo, tutamwanzishia upya.